Sabato ya nani? Siku ya mapumziko na wale wanaobaki jikoni

Grupu letu la ukoo la WhatsApp lina mada moja ambayo ikianza hakuna anayelala, nayo ni siku ya ibada, Jumamosi au Jumapili. Mjomba anatuma klipu ya mahubiri, mama mdogo anajibu na Kutoka 20, binamu aliyesomea theolojia anakuja na Wakolosai 2:16 kwamba mtu asiwahukumu kwa habari ya sikukuu wala sabato, basi hapo mpaka saa sita usiku watu wazima wenye wajukuu wanaandikiana kwa herufi kubwa. Asubuhi mtu anatuma picha ya maua, "mbarikiwe wapendwa", tunarudi kwenye michango ya harusi.

Ugomvi wenyewe tumeurithi. Upande wa mama ni Wasabato wa Upare, wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika kule milimani mwaka 1903 wakaanzia Giti, na wazee wa mama wakaingia humo. Upande wa baba ni Walutheri, milima ileile. Kwa hiyo mimi nimekulia nyumba ambayo bibi mzaa mama akija kutusalimia Ijumaa jioni anafungua Sabato sebuleni, halafu Jumapili asubuhi baba anapiga pasi suti ya kwenda kuimba besi. Hata namba ya amri ilikuwa tatizo. Kwa bibi "ikumbuke siku ya Sabato uitakase" ni amri ya nne, kwenye Katekisimo tuliyokariri kipaimara ni ya tatu, na mimi nikiwa mtoto nilidhani ni amri mbili tofauti.

Hoja za pande zote nazijua, nitazipita mbio tu. Wa Jumamosi wanasema siku ya saba ilibarikiwa tangu Mwanzo 2, kabla hakujawa na Myahudi wala Sinai, na hakuna mstari unaosema imehamishwa. Wa Jumapili wanasema Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma, Matendo 20:7 inawaonyesha wanafunzi wamekutana kumega mkate siku hiyo, na Justino Shahidi katikati ya karne ya pili anaeleza Wakristo kukusanyika siku ya jua. Wa Jumamosi wanajibu kwa Konstantino na sheria yake ya mwaka 321. (Watu wengi wakiitaja hawajui kwamba sheria ile iliwapumzisha mahakimu na watu wa mjini na mafundi, lakini wakulima wakaruhusiwa kuendelea na shamba. Ya mkulima haikuanza leo.) Na Waethiopia wao walibishana weee mpaka baraza la mwaka 1450 chini ya mfalme Zara Yakobo likathibitisha zote mbili ziheshimiwe, Jumamosi na Jumapili. Mimi nikisoma hiyo huwa nasema hawa jamaa walikuwa na akili, siku mbili za kupumzika na ugomvi umekwisha.

Ila kwenye mabishano yote hayo, miaka yote ya grupu letu, sijawahi kuona mtu ameuliza hiyo Sabato inampumzisha nani. Tunaulizana siku gani. Hatuulizani nani.

Na amri yenyewe, ukiisoma bila haraka ya kushinda mjadala, sehemu kubwa ni orodha ya watu. Usifanye kazi yoyote wewe, wala mwana wako, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mjakazi wako, wala mnyama wako wa kufugwa, wala mgeni aliye ndani ya malango yako. Kwenye Kutoka 20 sababu inayotolewa ni uumbaji, Mungu alifanya mbingu na nchi siku sita akastarehe siku ya saba. Ukienda Kumbukumbu la Torati 5 amri ni ileile lakini sababu imebadilika, uumbaji hautajwi, inatajwa Misri. Mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike "vile vile kama wewe", nawe ukumbuke ulikuwa mtumwa Misri. Yaani Mungu anaongea na mtu mwenye watu chini yake. Anamwambia wewe uliyekuwa unafyatulishwa matofali kwa viboko, sasa una nyumba na una mtu wa kukuchotea maji, naye ana siku.

Vile vile kama wewe. Hayo maneno matatu manne yanatosha kuharibu amani ya nyumba nyingi za mjini, lakini nitafika huko.

Sabato niliyoiona mimi kwa macho ni ya bibi, kule mlimani tulikopelekwa likizo. Ilianza Ijumaa asubuhi, na Ijumaa ilikuwa mbio. Makande yanachemka toka mapema, mengine ya leo na mengine ya kesho, pasi ya mkaa inapepewa uani, viatu vinapakwa rangi vinapangwa ukutani kwa ukubwa, ndoo zote zinajazwa maji mpaka lile sufuria la shughuli, kuni zinapasuliwa zinawekwa karibu na mafiga. Kulikuwa na kijana aliyekuwa anamkatia bibi majani ya ng'ombe, maana kule ng'ombe anakaa bandani mwaka mzima analetewa kila kitu mdomoni. Ijumaa alikata ya siku mbili, akayarundika pembeni ya banda, akaaga. Jua likianza kuzama bibi anavua kanga ya jikoni, ananawa uso, anatuita. Tunaimba, anasoma zaburi, anaomba, Sabato imefunguliwa.

Kuanzia hapo hakuna mtu wa kutumwa. Sisi watoto hilo ndilo lilitushangaza kuliko kitu chochote cha dini, maana mtoto kwetu kazi yake ni kutumwa, kalete kiberiti, kamwambie mama fulani, kaangalie kama mbuzi amefunguka. Kwa bibi kuanzia jua la Ijumaa mpaka jua la Jumamosi neno "kalete" lilipotea. Makande yalipashwa kwenye makaa ya majivu, vyombo vikalowekwa kwenye beseni, na vilikaa hapo. Beseni lenye vyombo vichafu mchana kutwa, na mwanamke wa Kipare amekaa karibu nalo anapiga stori bila wasiwasi! Anayewajua bibi zetu na usafi wao ataelewa uzito wa jambo hilo.

Yule kijana wa majani hakuwa hata Msabato, alikuwa Mwislamu wa kijiji cha chini. Jumamosi hakuja, na bibi alimlipa wiki nzima vilevile. Siku moja babu akagusia kwamba huyu dini yake siyo hii, kwa nini asije kukata majani mabichi, ng'ombe wanakula makavu. Bibi akamwambia, "Mzee, kwenye amri ng'ombe yumo na mgeni yumo. Huyu unataka kumweka wapi, chini ya ng'ombe?" Babu akanyamaza, akachukua Biblia yake. Mpaka leo sijasikia mahubiri ya Sabato yaliyonikaa kama hayo.

Sasa kuna kitu ambacho wanawake wa ukoo wetu huwa wanakisema kwa kucheka, lakini kicheko chenyewe ni kile cha pembeni. Angalia tena ile orodha. Wewe, mwana wako, binti yako, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, mgeni. Mke hayumo. Wachungaji wanaeleza vizuri kwamba "wewe" pale ni mume na mke pamoja, wenye nyumba wote wawili wanaambiwa, na mimi naikubali maana vinginevyo ingekuwa ajabu punda atajwe mama asahauliwe. Ila mama mdogo akiisikia anasema "ndiyo maana hatupumziki, hatukuandikwa." Na ukimwangalia siku ya Sabato nyumbani kwake, wageni wanne wametoka naye kanisani, pilau, kachumbari, matunda, huwezi kumwambia anakosea. Amepika Ijumaa, ndiyo, kama bibi. Lakini kupakua, kupasha, kukaribisha, kutoa vyombo mezani, na watoto wa watu wote waliojazana uani, hiyo siyo kazi? Wanaume wako sebuleni wanajadili lesoni ya Sabato.

Tukija Jumapili ya Dar ndiyo usiseme. Nitaeleza nyumba moja, siyo lazima iwe ya mtu fulani, wengi watajiona. Dada wa kazi ameamka saa kumi na moja alfajiri maana ibada ya kwanza ni saa moja. Anawaogesha watoto, anawapaka mafuta, anatafuta soksi ya pili ambayo haipatikani, chai mezani. Gari linatoka, yeye anabaki na funguo na rundo la mashuka, kwa sababu Jumapili ndiyo vitanda viko wazi. Kanisani mchungaji anasoma Mathayo 11:28, njoni kwangu ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo. Watu wanasema amina kwa nguvu kabisa. Saa nane familia inarudi na wageni, "dada tuwekee maji ya kunawa." Jioni ni yunifomu za shule, kaptula, sweta, kupiga pasi mpaka saa nne. Ukimuuliza mama mwenye nyumba Jumapili yake ilikuwaje atakwambia alibarikiwa sana. Na hadanganyi.

Mtu atasema dada anapata Jumapili moja kwa mwezi aende kwa shangazi yake Mbagala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi apumzike saa 24 kila wiki, kazi ya kawaida isizidi siku sita wala saa 45 kwa wiki, na walioachwa nje ya sheria hiyo ni wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Dada wa kazi hakuachwa nje. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189 wa mwaka 2011 kuhusu kazi za nyumbani nao unasema saa 24 mfululizo kila wiki. Kwa hiyo Musa na Bunge wamekubaliana, tena hilo halitokei mara kwa mara, na wanaobaki kukataa ni sisi wenye Biblia kwenye simu.

Kwa Walutheri wenzangu wa upande wa baba nina kitu chenu maalumu. Katekisimo ndogo ya Luther, ile ya kukariri, ikieleza amri hii haisemi lolote kuhusu kupumzika, inasema tusidharau mahubiri na Neno la Mungu bali tulisikie na kujifunza. Ndiyo tuliyoshika, na ndiyo maana Jumapili kwetu ni siku ya kusikiliza. Lakini mwaka huohuo wa 1529 Luther aliandika na Katekisimo Kubwa, na humo anasema wazi kwamba siku ya mapumziko inatakiwa kwanza kwa ajili ya mwili, kwa watu wa kawaida, watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi juma zima, nao wapate siku ya kukaa na kuburudika. Watumishi! Kitabu kikubwa hatukukariri, tukabaki na kidogo, na dada akabaki na mashuka.

Hoja ninayoisikia sana ni hii: basi si nimpe ofu siku nyingine, Jumanne kwa mfano, saa 24 ni saa 24. Nimefikiria sana hiyo. Kwa nyumba nyingine ndiyo inayowezekana na ni bora kuliko hakuna. Ila kuna watu walishaijaribu kwa nchi nzima. Mwaka 1929 serikali ya Kisovieti iliondoa Jumapili. Wiki ikawa ya siku tano, wafanyakazi wakagawanywa makundi matano kila moja na rangi yake, unafanya kazi siku nne unapumzika ya tano, lakini kila kundi na siku yake ili mashine isizimwe kamwe. Ukihesabu, mtu alipata mapumziko mengi kuliko zamani, kila baada ya siku nne badala ya sita. Na watu waliichukia. Mume ana rangi ya njano, mke ana ya kijani, mtoto yuko shule, rafiki yako kazini, unakaa na mapumziko yako chumbani peke yako. Mwaka 1931 wakarudisha siku ya pamoja, na 1940 wakarudi kwenye wiki ya siku saba na Jumapili yake. Wafaransa nao kwenye mapinduzi yao waliweka wiki ya siku kumi kuanzia 1793, ikafa haijamaliza miaka 13.

Kinachonivutia hapo ni kwamba walichokosa watu siyo usingizi. Walikosa wenzao. Nenda kaulize walinzi wa getini, manesi, watu wa kol senta, wale wa supamaketi wenye shifti. Ofu ya Jumanne ni siku ya kufua na kulala, mtaani hakuna mtu, kanisani pamefungwa, jumuiya ni jioni ya siku nyingine ukiwa kazini. Amri inapohesabu wana na mabinti na watumishi na wageni na punda inawataka wote wasimame kwa mpigo, siku moja. Mjakazi akipumzika siku moja na bosi wake, kwa siku hiyo hakuna bosi. Mkiachana siku, ubosi unaendelea, umebadilishiwa ratiba tu.

Sasa tuongee na mwenye njaa, maana hapo ndipo mahubiri mengi yanapopita pembeni. Kijiweni kwetu kuna madereva wa boda wanaoendesha pikipiki za watu. Utaratibu ulivyo kwa wengi, siku sita unapeleka hesabu kwa mwenye chombo, ya saba hela yote ni yako. Bosi anajisikia amefanya jambo zuri, amempa kijana Jumapili. Na kijana anafanya nini na Jumapili? Anaipiga kuliko siku zote, kuanzia alfajiri ya wanaokwenda ibada ya kwanza mpaka usiku wa wanaotoka kwenye sherehe, kwa sababu ndiyo siku pekee anayojifanyia mwenyewe. Anawapeleka watu kupumzika. Ukimwambia huyu habari za Sabato atakuuliza kwa heshima kabisa, "Sister, na kodi?"

Huyu sina jibu la kumpa kwa mdomo, na mtu akimhubiria ile habari ya mana, kwamba okota maradufu siku ya sita na ya saba Mungu atakulinda isioze, naona haya kidogo. Mana ilikuwa inashuka bure. Hakuna aliyekuwa anapeleka hesabu. Kutoka 16 inasema aliyeokota kingi hakuzidiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa, yaani ili Sabato iwezekane kwanza kulikuwa na mgawanyo ambao kila mtu ametosheka. Walipewa chakula ndipo wakaambiwa wakae. Sisi tunaanza kumwambia mtu akae. Kama mwenye boda ni mpendwa wa kanisani, na wengi ni wapendwa, swali la Sabato ni la kwake, hesabu ya siku sita aipunguze mpaka ya saba kijana aweze kuweka pikipiki chini. Hiyo ndiyo amri ya nne, au ya tatu, chagua namba.

Na hapa nimkumbushe Farao, kwa sababu tunamsahau haraka. Waisraeli walipoomba ruhusa waende jangwani kumtolea Bwana dhabihu, jibu lake kwenye Kutoka 5 lilikuwa "wavivu ninyi, wavivu", akawanyima majani ya kuchanganyia matofali na idadi ya matofali ikabaki ileile. Ombi la siku ya ibada lilimfikia bosi kama uvivu. Halijabadilika sana. Wanafunzi Wasabato wa Makerere walikwenda mpaka Mahakama ya Juu ya Uganda kuhusu mitihani na vipindi vya Jumamosi, wakashindwa mwaka 2006. Kenya, Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Wasabato mwaka 2017. Watu wanacheka, kwamba kwa nini uhangaike hivyo kwa siku moja, fanya mtihani Mungu anaelewa. Mimi siyo Msabato lakini kwenye hilo nawavulia kofia, wao angalau wamejua kwamba siku haipatikani mpaka mtu agombane na mwenye ratiba.

Sisi wengine Farao tumemwingiza ndani. Siku hizi hata madhabahuni ni pambana, usilale, wenzako wanatoboa, Mithali 6 ya "bado kulala kidogo" inahubiriwa kuliko amri yenyewe. Na simu imemaliza kazi. Amosi 8 inawasema wafanyabiashara waliokuwa wanauliza sabato itaisha lini ili wauze ngano, wapunguze kipimo na kuiongeza shekeli. Walau wale walisubiri! Walikaa wakachukia mioyoni mwao lakini duka lilifungwa. Siku hizi mtu yuko benchi la tatu, mchungaji yuko kwenye somo la pili, yeye anapandisha stetasi "mzigo mpya umeingia, dilivari leo leo".

Kuna wanaotoka kwa mlango mwingine, wanasema Sabato ilikuwa kivuli, Kristo ndiye raha yetu, kila siku ni Sabato. Waebrania 4 ni sura nzuri sana na naiamini, imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu, aliyeingia katika raha yake amestarehe katika kazi zake. Kwamba huna haja ya kujipatia wokovu kwa jasho, hiyo ni habari njema na mtu asiyeijua hatapumzika hata akilala wiki. Ila nimewaangalia wanaosema kila siku kwao ni Sabato. Hawana hata moja.

Na Yesu je, si alivunja Sabato? Watu wanamtumia kwa fujo. "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu", basi nifanye nitakavyo. Angalia alichofanya kwenye Luka 13. Yupo sinagogi siku ya sabato, anamwona mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18, hawezi kujiinua kabisa. Mama hajaomba kitu. Yesu anamwita, anamwekea mikono, mgongo unanyooka palepale. Mkuu wa sinagogi anakasirika, tena hamsemeshi Yesu, anawageukia watu, anawaambia siku za kufanya kazi ni sita, njoni siku hizo mponywe. Jibu la Yesu ni ng'ombe na punda. Kila mmoja wenu siku ya sabato hamfungui ng'ombe wake au punda wake kutoka zizini akamnywesha? Na huyu binti wa Ibrahimu haikupasa afunguliwe siku ya sabato? Yaani sabato ndiyo siku yenyewe ya kufungua watu. Nikimsoma hapo nasikia sauti ya bibi, unataka kumweka wapi, chini ya ng'ombe?

Na ndiyo maana sina shida na nesi wa zamu ya Jumapili wala daktari wala mtu anayekesha na mgonjwa. Wasabato wenyewe wana hospitali na hazifungwi Ijumaa jioni. Kunyoosha mgongo wa mtu siku hiyo ni sawa kabisa. Shida yangu ni migongo inayopindishwa siku hiyohiyo ili sisi tubarikiwe.

Kanisa nalo limo, tusilipite. Mzee wa kanisa mwaminifu Jumapili yake huwa hivi: ibada ya kwanza, kuhesabu sadaka, ibada ya pili, mnada (kuku, ndizi, mayai, keki ya mtu, kila Mlutheri anaujua mnada), kamati ya ujenzi, kikao cha maandalizi ya sikukuu ya mavuno, mazoezi ya kwaya mpaka giza. Mke wake yuko umoja wa wanawake, watoto wanazurura uwanjani na soda. Ijumaa iliyopita walikuwa kwenye mkesha. Jumatatu huyo mtu anaingia ofisini amechoka kuliko alivyotoka Ijumaa, na akiugua tunamwombea dhidi ya roho ya uchovu.

Nyumbani kwetu tumepanga hivi, na siyo kwa wema wa kipekee, tuligombana kwanza. Jumapili dada hayupo kazini. Akitaka kwenda kanisani kwake anakwenda, akitaka kulala mpaka saa tano analala, na ikifika mchana hatumwombi "kidogo tu". Chakula ni kiporo cha Jumamosi, wali na maharage au makande, anayekuja anakula hicho, na mume wangu ndiye anayepasha na kupakua kwa sababu mimi nami niko kwenye orodha hata kama sikuandikwa. Yunifomu zinafuliwa Ijumaa. Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza akakuta mwanawe jikoni na mimi nimekaa, shikamoo yangu aliipokea kwa mbali sana. Siku hizi anakuja Jumamosi.

Usharikani nilipewa dakika chache kwenye kikao nikapendekeza Jumapili baada ya ibada ya pili geti lifungwe, kusiwe na kamati wala mazoezi, na mlinzi na mama wa usafi wapokezane ili kila mmoja apate Jumapili yake. Kulikuwa na kukohoakohoa kwingi. Hoja ya mlinzi na mama wa usafi imepita. Kamati ya ujenzi imekubali Jumatano jioni, fedha nao wakakubali baada ya kubishana kuhusu foleni. Mwalimu wa kwaya amesema tenori wake wanapatikana Jumapili tu, na kwamba kuimba siyo kazi. Suala lake limeahirishwa mpaka kikao kijacho, ambacho kwa kuwa ratiba ilishachapwa, kitakuwa Jumapili.